Kaniki Ndani ya Sanduku la Shangazi

Katika nyumba nyingi za kwetu Fizi na Baraka kuna sanduku moja la bati lisilofunguliwa ovyo. Linakaa chini ya kitanda cha mama mzee. Vita vya Mulele vya 1964 vilipita, vita vya 1996 vikapita, watu wakavuka ziwa kwa mitumbwi kwenda Kigoma na kambi ya Nyarugusu. Chungu kiliachwa, mbuzi aliachwa, lakini kifurushi cha vikwembe kilibebwa kichwani. Ukiuliza juu ya nini, mama atakujibu kwamba chungu kinafinyangwa kingine.

Mimi ni fundi wa kushona. Mashini yangu iko Baraka, na siku mbili kwa juma ninafundisha wasichana katika foaye ya parokia. Kwa hiyo shangazi yetu mkubwa alipofariki na matanga yakaisha, wazee walisema: "Wewe unajua vitambaa. Fungua, utuambie kila kimoja ni nini." Hawakuniita kwa sababu ya kupenda vitu vya kale. Waliniita kwa sababu ya kitambaa kimoja tu, kaniki, ambayo ilikuwa imetugawa nyumba mbili tangu mimi nikiwa mtoto.

Niwaeleze. Babu wa baba yangu alikuwa na wake wawili. Nyumba yetu imetoka kwa mke wa pili. Juu yake ilisemwa kwamba hakuolewa kwa mahari, alinunuliwa akiwa mtoto mdogo, wakati wa Waungwana, kwa kaniki. Na kaniki yenyewe, walisema, ipo, shangazi anaitunza. Basi kila palipotokea neno la shamba, watu wa nyumba ya kwanza walitutupia lile jina: "Ninyi watoto wa kaniki." Ni jina dogo, lakini kijana akiambiwa hivyo mbele ya wakwe zake, hasahau. Na safari hii palikuwa na shamba kweli, chini karibu na mto, na mzee mmoja alisema wazi kwamba aliyenunuliwa hana urithi, ushahidi uko ndani ya sanduku.

Kwa hiyo swali langu lilikuwa moja: kitambaa hiki kina miaka mingapi?

Kabla ya kufungua, mtoto wa dada yangu, ambaye anachimba dhahabu kule Misisi, alinivuta pembeni. "Mama mkubwa, kuna muntu kule anatafuta vitu vya zamani. Kama ni cha 1800 analipa dolari." Nilimwambia angoje. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya kulinda mali za utamaduni, na kupitisha kitu cha kale mpakani bila ruhusa si biashara, ni kosa. Tena wanunuzi wa namna hii hupenda kitu kisicho na historia, maana kitu kisicho na historia hakina mwenyewe.

Sasa twende kwenye sanduku. Niliosha mikono, nikaitandika mkeka mahali penye mwanga wa mchana lakini si juani, nikatoa kimoja kimoja bila kukunjua kwa nguvu. Kitambaa kilichokunjwa miaka mingi hukatika palepale kwenye mkunjo. Chini kabisa nilikuta kipande cha raphia, kisha kaniki, kisha kitambaa cheupe kizito, kisha vikwembe, na juu kabisa kitambaa cha M.P.R. chenye sura ya Mobutu.

Huyu wa mwisho ndiye rahisi, nimalizane naye. Kitambaa kilichoandikwa jina la nchi kinajisema chenyewe. "Congo Belge" ni kati ya 1908 na 30 Juni 1960. "Zaïre" ni kuanzia 27 Oktoba 1971 mpaka Mei 1997. Chama cha M.P.R. kilizaliwa 1967, basi kitambaa chake hakiwezi kuwa na umri zaidi ya huo. Cha shangazi kina neno Zaïre, kwa hiyo ni cha baada ya 1971, wakati ule wa otantisite, wanaume walipokatazwa koti na tai wakavaa abakosti, na wanawake wakakatazwa suruali. Vijana walicheka kukiona, mmoja akasema kichomwe. Mimi nasema hapana. Mwaka 1997 watu wengi walivichoma kwa hofu, ndiyo sababu vimekuwa haba. Na kwetu Fizi kitambaa kile kilikuwa na hatari yake ya pekee, maana kuanzia 1967 chama cha P.R.P. cha Laurent-Désiré Kabila kilikuwa na watu wake milimani. Mwanamke aliyekivaa sokoni ilimpasa kujua ni barabara gani atarudi nayo nyumbani. Shangazi alikivaa, akakificha, hakukitupa. Hiyo nayo ni habari ya nchi.

Kwa vikwembe, jambo la kwanza mimi hutazama ukingo, ule upande ambao haukukatwa na makasi. Pale ndipo kiwanda huandika jina lake. Wasichana wangu wa foaye hufanya haraka kukata ukingo ili mshono ukae vizuri, na kila mara ninawaambia: umekata kadi ya ubatizo ya kitambaa. Ukikuta "Véritable Wax Hollandais" na jina Vlisco, hicho ni cha kiwanda kilichoanzishwa Helmond, nchi ya Uholanzi, mwaka 1846. Lakini maandishi pekee hayatoshi, kwa sababu yanaigwa. Siku hizi soko letu limejaa vya China vilivyoandikwa maneno yanayofanana na yale. Geuza kitambaa. Wax ya kweli imepigwa rangi pande mbili, mbele na nyuma karibu sawa, na ndani ya rangi utaona vimishipa vidogo visivyofuata mpango, mahali nta ilipopasuka wakati wa kazi. Iliyopigwa upande mmoja tu, nyuma imefifia, si wax, hata kama ukingo unaapa.

Na maua ya kitambaa? Hapo ndipo watu wanajidanganya. Mtu anasema, "Hiki cha mbayuwayu nyanya alikuwa nacho, basi ni cha zamani." Viwanda hurudia michoro ile ile miaka na miaka. Mchoro unaweza kuwa mzee na kitambaa kikawa cha juzi. Usihesabu umri kwa ua.

Majina ya viwanda vya kwetu yanasaidia zaidi. Ukisoma Utexléo, ndani ya jina hilo mna Léopoldville, na mji ule uliitwa Kinshasa kuanzia 1966. Sotexki ni ya Kisangani, ilianza wakati wa Mobutu, kwa hiyo hakuna Sotexki ya wakati wa Wabelgiji, hata muuzaji akiapa kwa mama yake. Na karibu yetu zaidi, kandokando ya ziwa hili hili, palikuwa na Filtisaf ya Kalemie, mji uliokuwa ukiitwa Albertville. Kiwanda kile kilisokota na kufuma pamba tangu wakati wa Wabelgiji, na wazee wengi wa Baraka walivaa kazi yake bila kujua jina lake.

Katika vikwembe vya shangazi nilipata vitano vizuri, na hapo hatukugombana. Kwa kila kimoja niliwauliza mama zetu: alikivaa lini? Hawakunijibu kwa miaka. Walinijibu kwa watoto. "Hiki alinunuliwa alipozaa yule wa tatu." "Hiki ni cha arusi ya binti yake." Mimi nilichukua kadi za ubatizo na vitabu vya ndoa, nikaweka tarehe. Wanawake wetu wana kalenda yao, na ukiilinganisha na daftari la parokia utapata mwaka karibu kabisa. Kama una picha ya zamani, itazame nyuma. Mpiga picha mara nyingi alipiga muhuri wa duka na tarehe.

Mambo mengine ya mshono nitayasema upesi, kwa wale wenye mashati na magauni ya kale. Zipu ya chuma ni ya zamani kuliko ya plastiki. Kitambaa cha tergal, ambacho baba zetu walikipenda kwa sababu hakikunji, ni uzi uliotokea Ufaransa miaka ya 1950, basi suruali ya tergal haiwezi kuwa ya babu wa babu. Kama hujui ni uzi gani, chomoa mmoja tu kutoka ndani ya mshono, uushike kwa koleo, uuchome. Pamba inanuka karatasi na kuacha majivu mepesi ya kijivu. Sufu na hariri zinanuka nywele. Tergal na nailoni zinayeyuka, zinakuwa kipunje kigumu. Fanya hivyo nje ya nyumba, mbali na watoto na mbali na kitambaa chenyewe.

Kile kipande cha raphia kilitunyamazisha kidogo. Raphia haisokotwi kama pamba. Ni utepe wa jani lenyewe, umelala wima, na kwa sababu jani lina mwisho wake, kitambaa nacho kina mwisho: vipande ni vifupi, na ukitaka kikubwa unashona vipande pamoja. Zamani kule Maniema vipande vya namna hii vilikuwa ni feza kabisa, watu waliuza na kununua navyo. Cha shangazi kina pembe nne, rangi ya asali, kimepindwa kwa mkono. Umri wake sikuweza kuuhesabu, maana hakina uzi wa kiwanda wala herufi. Niliandika vipimo vyake, nikaandika kwamba kilikuwa chini ya vyote, basi.

Haya, kaniki.

Kwanza tujue kaniki ni nini, kwa sababu vijana wengi hawajaiona. Ni kitambaa cha pamba, kizito kidogo, kimepakwa nili mpaka kinakaribia weusi. Zamani ilitoka Uhindi, ikapita Unguja, ikachukuliwa na wapagazi mpaka Ujiji, kisha ikavushwa ziwa. Mwenzake ni merikani, kitambaa cheupe kisichosafishwa rangi, kilicholetwa na meli kutoka Marekani, hasa mji wa Salem, baada ya mapatano na Sultani Said mwaka 1833. Vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865, vilipokata pamba yao, vitambaa vya Uingereza na vya Bombay viliingia mahali pake, lakini jina merikani likabaki. Ni kusema, jina la kitambaa halisemi kila mara nchi yake.

Vitambaa hivi vilikuwa ndiyo feza ya njia. Vilipimwa kwa mikono: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Waingereza Burton na Speke walipopita kwa mtumbwi kutoka Ujiji kwenda Uvira mwaka 1858, waliona Ubwari yetu wakadhani ni kisiwa, na Burton aliandika orodha ndefu ya vitambaa vya biashara, kila kimoja na jina lake. Stanley, aliyemkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, naye aliandika mizigo yake ya merikani na kaniki. Vitabu hivi ni vya wageni na vina majivuno yao. Lakini kwa majina ya vitambaa na vipimo ni msaada, maana mtu aliyelipa njia kwa kitambaa alikihesabu kwa uangalifu.

Na kwa kitambaa hicho hicho watu waliuzwa. Hili tusilifunike. Kandokando ya ziwa letu, katika miaka ya 1870 na 1880, watoto na wanawake walitekwa na kubadilishwa kwa doti kadhaa. Mapadri Weupe waliofika Masanze mwaka 1880, na Kibanga katika Ubwari mwaka 1883, walinunua watumwa ili kuwapa uhuru, nao pia walilipa kwa vitambaa. Kibanga waliiacha mwaka 1893. Kwa hiyo habari ya mama yake babu si hadithi isiyowezekana. Inawezekana kabisa. Swali lilikuwa kama kaniki hii ndiyo ile.

Niliitandika. Urefu wake ulikuwa karibu doti moja, na hapo mzee wa nyumba ya kwanza akaguna kwa furaha, maana doti ndicho kipimo cha wakati ule. Nilimwambia, baba mkubwa, doti iliendelea kupimwa miaka mingi baada ya utumwa. Hata leo kanga inauzwa doti.

Nilitazama rangi. Rangi haikunisaidia. Nili ya majani na nili ya kiwanda, ambayo Wajerumani walianza kuiuza mwaka 1897, hata macho ya fundi hayawezi kuzitofautisha.

Nilitazama nyuzi. Zilikuwa sawasawa, unene mmoja, urefu na upana. Ni kazi ya mashini. Lakini viwanda vya mashini vilikuwapo Bombay na Uingereza tangu zamani, basi bado.

Nilitazama pindo. Upande mmoja ulipindwa kwa mashini, nyuzi mbili, moja juu na moja chini, mshono unaofungana. Mashini ya Singer ilianza mwaka 1851, lakini kwetu Fizi ilifika baadaye sana. Hapo nilianza kutilia shaka, ingawa mtu anaweza kupinda kitambaa kizee kwa mashini mpya. Mshono unaonyesha siku ya kushona, hauonyeshi siku ya kufuma.

Kisha ukingo. Nilichukua kioo cha kukuzia cha mwalimu mmoja, nikapita polepole kidole kwa kidole. Karibu na pembe, ndani ya mkunjo ambako jua halikufika, palikuwa na alama ya wino iliyofifia. Niliisoma mara tatu, kisha nikamwita mtoto wa dada yangu mwenye macho mazuri aisome bila mimi kumwambia. Alisoma: "...E IN JAPAN."

Sasa tulieni hapa kidogo, wasomaji, kwa sababu herufi hizi chache zilibeba mambo mengi. Wakati mama yake babu alipokuwa mtoto, Ujapani haikuwa ikiuza vitambaa kwetu. Vitambaa vyake viliingia kwa wingi baada ya vita vya kwanza vya dunia, na katika miaka ya 1930 vilijaa masoko ya Afrika Mashariki na Kongo kwa bei ambayo Waingereza na Wabelgiji hawakuiweza. Walishindwa kuvizuia kwa kodi kwa sababu mapatano ya Berlin ya 1885, na yale yaliyofuata mwaka 1919, yaliacha bonde la Kongo wazi kwa biashara ya mataifa. Reli ya Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914. Kutoka Kigoma ni boti tu. Kisha Desemba 1941 Ujapani iliingia vitani na mlango ukafungwa, mpaka baada ya vita.

Basi kaniki ile haikuwapo duniani wakati wa Waungwana. Ni mtoto kwa yule mama inayedaiwa kumnunua.

Nilisema hivyo mbele ya wazee. Baba mkubwa alinyamaza, kisha akasema jambo la akili: "Sawa. Si ya Waungwana. Basi ni ya nani, na kwa nini iliwekwa kama kitu kitakatifu?" Ni swali la haki. Kujua kitambaa si kitu gani ni nusu ya kazi.

Tulimpigia simu shangazi mdogo, aliyebaki Nyarugusu tangu 1996. Yeye na marehemu ni tumbo moja. Sikumweleza nimeona nini. Nilimwuliza tu kama anakumbuka kaniki ya nyanya. Alicheka, akasema kwa sauti ya juu kama kawaida yake:

"Ile kaniki? Tazama pembe. Hamuone kiraka, na uzi mwekundu?"

Kiraka kilikuwapo, kidogo kama kopo la chumvi, kimeshonwa kwa mkono kwa uzi mwekundu. Wote mkekani walikiona.

"Basi ni yenyewe. Kaa la moto lilianguka pale. Nyanya yenu alikuwa anamubeba dada mgongoni, akiinama ku moto. Alilia, si juu ya kuungua, juu ya kitambaa. Maana alikinunua yeye mwenyewe, na feza za pamba. Ni feza ya kwanza aliyoishika mukononi mwake. Babu alilima pamba ya serikali, nyanya akachuma, siku ya kulipwa akamwambia babu, hii moja ni yangu. Akaenda mu duka la Mwarabu."

Kadi ya ubatizo ya shangazi mkubwa inasema 1941. Pamba ya lazima ilikuwapo, Wabelgiji waliiwekea sheria tangu 1917, na wazee wa uwandani wanaikumbuka kwa fimbo kuliko kwa feza. Basi vitu vitatu visivyojuana, herufi za ukingo, kadi ya parokia na uzi mwekundu, vilikutana mahali pamoja, mwishoni mwa miaka ya 1930 au mwanzoni mwa 1940.

Dada zangu wawili walilia. Mimi nilikuwa na furaha, na pia nilikuwa na jambo la kusema ambalo halikuwapendeza watu wa nyumba yangu. Niliwaambia: kaniki imejitetea yenyewe, haikumtetea mama yake babu. Kama alinunuliwa, alinunuliwa kwa kitambaa kingine ambacho kilioza zamani. Hatujui. Na mtoto aliyeuzwa hana hatia, mwenye hatia ni aliyeuza na aliyenunua. Kaka yangu alikasirika, alitaka niseme tu "ni uongo" tumalize. Lakini ukisoma kitambaa, usome herufi zilizopo. Ukianza kuongeza zako, kesho mwingine ataongeza zake.

Baba mkubwa hakuomba msamaha. Alikunja ile kaniki yeye mwenyewe, polepole, akanirudishia, akasema neno la shamba lisitajwe tena pamoja na kitambaa hiki. Shamba lenyewe bado liko kwa chifu. Tangu siku ile lakini sijasikia lile jina, na vijana wa nyumba ya kwanza wameanza kuja kuuliza juu ya masanduku ya mama zao.

Ninavyowaambia ni hivi. Msikifue kwa sabuni ya unga, msikipige pasi. Msikiweke ndani ya mfuko wa plastiki, hewa ya ziwa ina maji na kitambaa kitaota ukungu. Kifungeni ndani ya kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa vizuri, na kila miezi michache mkikunje kwa mkunjo mwingine. Nafutalini isikiguse. Andikeni karatasi kwa penseli, si kwa biki: nani alikivaa, alikipata wapi, mtoto gani alizaliwa, na nani aliyesema hayo. Muiweke pamoja nacho. Wenye kuweza kufika Kinshasa watazame makumbusho ya taifa yaliyofunguliwa 2019, na jumba la Tervuren kule Ubelgiji lina vitambaa vingi vya nchi yetu vyenye tarehe na mahali vilipotolewa. Lakini Tervuren haina shangazi mdogo wa Nyarugusu. Mzee kama huyo aulizwe kwanza, na aulizwe kabla ya kuonyeshwa, ili asiseme tu kile anachokiona.

Kaniki sasa iko kwangu, na karatasi yake. Kipande cha raphia kimebaki kwa baba mkubwa, kwa mapatano ya wote kwamba hakiendi Misisi. Kile kitambaa cheupe kizito bado sijakijua. Kina mstari mmoja wa bluu kwenye ukingo na muhuri ambao umebaki nusu, na mimi ninadhani ni kazi ya Filtisaf, lakini kudhani si kujua. Nimeambiwa Kalemie kuna wazee waliofanya kazi mle. Nikipata nafasi katika boti nitakipeleka waone. Mtoto wa dada yangu amekubali kunilipia nauli kwa feza ya dhahabu yake, kwa sharti moja: kama ni cha 1800, nimwambie yeye wa kwanza.